Simu Nane

Muziki unapita. Hilo ndilo linaloniudhi.
Gitaa linatoka kwenye spika nne, safi,
hata pumzi ya mwimbaji naisikia,
lakini simu ikiita, gari linanyamaza
kama mtoto aliyevunja kikombe,
na sauti inabaki ndani ya koti langu,
chini ya kisu na bomba la sindano,
ikiita, ikiita.

Nina kondoo elfu sita wa watu wengine
kati ya Punta Arenas na San Gregorio.
Upepo wa huku husukuma pikapu kwa bega.
Achia usukani mkono mmoja ushike simu,
utajikuta unazungumza na nyasi.

Basi Jumapili nimekaa uani na Yerko,
jirani, fundi wa friji
anayejiona fundi wa kila kitu chenye waya.
"Hiki hakina waya," namwambia.
"Ndiyo maana kimekushinda," ananijibu.

Zima. Washa. Zima simu, washa gari.
Zima vyote, kunywa chai, washa.
Tukachomoa betri dakika kumi:
saa ikarudi usiku wa manane wa mwaka
ambao gari lenyewe halikuwa limezaliwa,
stesheni zangu za redio zikapotea,
na simu bado.
Yerko akafungua mipangilio ya blutuzi.
Muziki: imewashwa. Majina: imewashwa. Simu: imezimwa.
"Adui yako huyu hapa."
Nikaigusa. Ikawaka. Ikazimika yenyewe,
kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

Ndipo skrini ikatoa siri ya wiki tatu:
Orodha imejaa. Simu nane.

Nane! Nililinunua mnadani, limeoshwa, linanukia limau,
karatasi zinasema mmiliki mmoja tu.
Kumbe naendesha na watu
walioshuka zamani wakaacha viatu mlangoni:

Nolberto
Nolberto mpya
Vipuri Ojeda
Simu ya Eduvina
Mtoto USIPOKEE
Padri
Mimi
Usinifute

Yerko alitaka kuwafagia kwa mkupuo.
Nikakataa. Hata kondoo wa kuchinjwa
nasoma kwanza namba ya sikioni.
Nolberto wa zamani aliondoka kwa urahisi,
yule mpya akazunguka kidogo kwenye kioo.
Ojeda. Eduvina, ambaye nadhani tungepatana.
Mtoto nilimfuta bila kujua
nani alikuwa akimkataza nani.
Padri akaenda na Mungu.

Kisha gari likaniuliza kwa herufi nyeupe, bila haraka:
Una uhakika unataka kufuta Mimi?

Nina miaka hamsini na miwili.
Nimeulizwa mengi, na mume, na benki, na daktari wa moyo,
hakuna aliyeuliza waziwazi hivyo.
Yerko akatazama pembeni, akajifanya anatafuta bisibisi.
Nikabonyeza Ndiyo.
Hakuna kilichouma.

Usinifute nilimwacha.
"Nafasi hiyo unaipoteza bure," Yerko akafoka.
"Aliomba," nikasema.
Akaenda nyuma ya banda la kuni akanipigia,
na kwa mara ya kwanza sauti yake ikanijia mara mbili,
moja juu ya ukuta, moja kutoka dashibodi,
ya dashibodi ikiwa na adabu zaidi.

Sasa kila asubuhi nikiwasha, gari linamtafuta Usinifute kwanza.
Sekunde tano. Sita. Halimpati.
Ndipo linanigeukia mimi.
Sijali kuwa wa pili.

Jumanne, njiani, Eleodoro akapiga:
"Daktari, miguu imetoka, kichwa kimerudi nyuma."
"Usivute. Sukuma ndani polepole, utafute taya."
Upepo ukapiga ubavu wa gari.
Mikono yangu miwili kwenye usukani,
yake miwili ndani ya kondoo.
"Upo?" akauliza.
"Nipo."
"Kuna meno," akasema. "Madogo. Nayasikia."